Kabla Hujamwambia Mtu "Itafute Hiyo Muvi"

Nasuka nywele Buzuruga, hapa Mwanza, na ukutani saluni kuna TV inayosoma flashi. Rasta ndogondogo zinakula saa tano mpaka sita, na mteja akishakaa kwenye kiti hana pa kwenda. Kwa hiyo swali la "dada, siku hizi unaangalia nini?" naulizwa karibu kila siku. Nimeshaona aliyecheka mpaka ikabidi nisimamishe mkono, aliyesinzia, na aliyeniomba kwa upole tubadilishe. Kutokana na hayo nina msimamo mmoja: usianze na muvi, anza na mtu. Jua atatazama wapi, atakuwa na nani, ana muda gani, na wiki hiyo moyoni amebeba nini. Ukishajua hayo, cha kumpa hakikusumbui.

La kwanza kuuliza ni kama atatazama kwa macho au kwa masikio. Ninapomsuka mtu kisogoni, anainamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. TV haioni kabisa. Ukimwekea tamthilia ya Kikorea yenye maandishi ya Kiingereza chini, kwake hizo ni kelele tu. Na wa namna hiyo ni wengi kuliko tunavyodhani: mama anayekaanga sato jikoni, fundi cherehani, dada wa dukani anayeinuka kila mara kuhudumia mteja, baba anayetengeneza nyavu huku redio na TV vyote vimewashwa. Hao wape kitu kinachoongea Kiswahili, chenye maneno mengi na sauti zinazotofautiana, ambacho hata ukikikosa kwa dakika kumi hujapotea.

Kwa watu hawa sijaona kinachoshinda tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Ile ya Sultan Suleiman na Hurrem, ambayo Azam waliirusha kwa jina la Sultan, imewahi kuwafanya wateja waliokwisha kusukwa na kulipa wabaki kwenye benchi mpaka jioni. Kule Uturuki ilionyeshwa kuanzia 2011 mpaka 2014, na ina episodi 139, kwa hiyo mtu akikuomba kitu cha kumalizia msimu mzima wa mvua, hiyo inamtosha. Ila mwambie mapema jambo moja: Hurrem anabadilika sura. Meryem Uzerli aliondoka 2013, na mwigizaji mwingine, Vahide Perçin, akamalizia. Wengi huacha hapo kwa hasira. Mimi nawasihi waendelee, kwa sababu Hurrem wa pili, yule aliyekwisha kuwa mtu mzima na analala akiwaogopea wanawe, ndiye anayenichoma zaidi. Wa kwanza anapigania kupata, wa pili anapigania asinyang'anywe. Wanawake wenye watoto wakubwa wanamwelewa haraka sana.

Mume wa nyumbani akilalamika kwamba hizo ni hadithi za wanawake, mpe Ertuğrul. Sizoni tano, farasi, mapanga, na wazee wa ukoo wanaobishana kwenye mahema. Utamkuta anakuwahi kwenye rimoti.

Muvi za kutafsiriwa na ma-DJ nazo ni za masikio, na nazitetea bila kusita. Kizazi chetu kilikulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea muvi kwa kiingilio, kwenye mabenchi ya mbao, na aliyetufunulia yaliyokuwa yakiendelea kwenye kioo ni mtu kama Lufufu, sauti moja ikibeba wahusika wote, kuanzia bosi wa genge mpaka bibi kizee. Upande wa pili wa ziwa, Uganda, wana mafundi wao wa kazi hiyohiyo. Muvi ya mapigano iliyotafsiriwa vizuri inamfaa mtu asiyejua Kiingereza kuliko maandishi yoyote ya chini ya kioo, na inafaa chumba chenye watu wengi wanaoongea. Lakini chagua. DJ hapendi ukimya, ataujaza. Muvi ambayo uzuri wake uko kwenye watu wawili wanaotazamana bila kusema kitu, ukimpa mtu ikiwa imetafsiriwa hivyo, umempa muvi nyingine.

Na hapo ndipo zinapoingia za macho. Vuta N'kuvute siiweki saluni mchana, hata mteja akiniomba. Amil Shivji aliitengeneza kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ambayo waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita wanaijua, na ilitoka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na Yasmin amekimbia ndoa ya mwanaume aliyemzidi umri mno, akakutana na Denge, kijana wa siasa. Inaongea Kiswahili kitamu, lakini haiendi mbio. Nusu yake ni vivuli, mwanga wa taa, vichochoro, na nyuso. Kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, juani, hutaona kitu. Ninayempendekezea namwambia hivi: subiri usiku watoto walale, zima taa, weka simu mbali, na ivumilie nusu saa ya kwanza. Aliyefuata maelekezo hayo hurudi akiwa na mengi ya kusema. Aliyeitazama kwenye daladala ya Igoma hurudi akisema haina kitu. Muvi ni ileile.

Kuna swali jingine ambalo kwa mila zetu huku Kanda ya Ziwa ni zito kuliko lugha: atakaa na nani? Usukumani mkwe ni mkwe. Umempa mtu tamthilia, ameiwasha sebuleni Jumapili, baba mkwe ametoka Kwimba amekaa kwenye kochi la kati, halafu kikatokea kitendo cha chumbani. Aibu hiyo haifutiki kwa wiki. Squid Game nawapa watu wazima kwa moyo wote, maana kwa habari ya madeni na namna yanavyomdhalilisha mtu sijaona tamthilia nyingi zinazoifikia. Lakini nasema wazi: damu nyingi, si ya watoto, na kwenye episodi ya nne ya sizoni ya kwanza kuna kitendo cha faragha. Kusema hivyo hakumharibii mtu hadithi. Kunampa nafasi ya kuchagua siku. Ukipendekeza, taja vitu vya aina hiyo vyote: kama kuna kubakwa, kama kuna mtoto anayekufa, kama kuna kipigo. Mwisho usimsimulie, ila mlangoni muonyeshe kilichopo ndani.

Hili la mtoto anayekufa nalisisitiza kwa sababu ya wateja wangu. Bugando ni hospitali ya watu wa kanda nzima, na wengi wanaouguza ndugu zao kule hushuka mjini kusuka nywele za haraka, mabutu au twende kilioni, wapate kichwa kisichowasumbua wiki hizo za kulala kwenye benchi. Unamjua mtu huyo ukimwona. Supa Modo ni muvi ya Kenya ya 2018, ya Likarion Wainaina, na kwangu ni kati ya nzuri kabisa zilizotengenezwa Afrika Mashariki. Binti mdogo, Jo, anapenda muvi za mashujaa wanaoruka angani. Anaumwa ugonjwa ambao hautapona, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea muvi yake mwenyewe ambayo ndani yake yeye ndiye shujaa. Ni fupi, inachekesha, inalia. Naipendekeza kwa walimu, kwa vijana wanaotaka kutengeneza filamu, kwa mtu yeyote aliyewahi kulipia kiingilio cha kibanda umiza. Kwa mama anayeuguza mtoto Bugando siitaji hata jina. Huyo anahitaji kucheka, na mimi huwa namwekea Uncle JJ ya Steven Kanumba. Kanumba ni wa kwetu huku, mzaliwa wa Shinyanga, na tangu alipofariki Aprili 2012 sijaona mwigizaji ambaye mama wa miaka hamsini na mtoto wa miaka minane wanamfurahia kwa pamoja namna ile.

Mteja akinijia na binti yake anayesoma, nawapa Queen of Katwe. Ni ya 2016, ya Mira Nair, hadithi ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana aliyekuwa akiuza mahindi kwenye mitaa ya Kampala akawa bingwa wa chesi. Lupita Nyong'o anacheza kama mama yake. Watu humtaja binti zaidi, mimi naomba umtazame mama: mjane, kodi ya nyumba imemshinda, na anaogopa kwamba mtoto akishaona maisha mazuri hatarudi tena nyumbani akiwa yuleyule.

Kwa wakulima, na Mwanza kila mtu ana shamba mahali, nina The Boy Who Harnessed the Wind. Chiwetel Ejiofor aliiongoza na kuigiza ndani yake kama baba, na kijana amechezwa na Maxwell Simba wa Kenya. Ni Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukame na njaa, na William Kamkwamba anayetaka kujenga kinu cha upepo ili kupampu maji. Ili kinu kikamilike anahitaji baiskeli ya baba yake. Siyo kuiazima, kuikata. Niliiweka siku moja saluni ikiwa na wateja wanne, na aliyeguswa zaidi alikuwa shangazi mmoja kutoka Magu ambaye kwa Kiingereza hajui hata salamu. Mpaka hapo alikuwa ananiuliza maana ya maneno. Ilipofika kwenye baiskeli aliacha kuuliza. Usukumani baiskeli imebeba pamba, imebeba maji, imebeba mgonjwa kwenda zahanati, imemleta bibi harusi. Mwanaume kutoa baiskeli yake ikakatwe kwa ajili ya jambo ambalo halijawahi kuonekana kijijini, hilo hakuna wa kumtafsiria mtu wa Magu. Kwa hiyo kanuni yangu ya masikio ina mlango wake: kama jambo lenyewe ni la maisha ya mtu huyo, ataifuata hata kwa lugha asiyoijua. Mwonye tu kwamba njaa imeonyeshwa bila kufichwa, na kwamba mbwa wa kijana hafiki mwisho.

Sasa niseme kuhusu ile ambayo kila kijana wa Mwanza akijua kwamba ipo ananiomba: Darwin's Nightmare. Hii siyo ya kuigiza, ni ya matukio halisi, na imepigwa hapahapa. Mwaustria Hubert Sauper aliitoa 2004. Inaonyesha sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya hamsini, akala mamia ya aina za furu zetu na nyingi zikapotea. Inaonyesha viwanda vya minofu, ndege kubwa za mizigo za Ilyushin zikitua uwanja wa Mwanza kuja kuchukua minofu ya kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, ikianikwa juani na kuuzwa kwa wasioweza kununua samaki mzima. Kule Ufaransa muvi hiyo ilipewa tuzo ya César ya filamu ya kwanza, na 2006 ikashindania Oscar. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliipinga hadharani, na hapa Mwanza watu wakaandamana kuipinga.

Naipendekeza, na naipendekeza kwa nguvu, lakini kwa sharti kwamba usiitazame peke yako. Tafuta mtu mzima aliyekuwa kiwandani, kwenye soko la samaki la Mwaloni au kwenye mitumbwi miaka ile, ukae naye. Mimi niliitazama na mjomba wangu aliyekuwa akichuna sangara kiwandani, na kila baada ya muda alikuwa anasimamisha. Hapa ni kweli, alisema kwenye mapanki, tulikula, na nzi walikuwa hivyohivyo. Hapa pana kitu hakisemwi, alisema kwingine, akataja mishahara iliyojenga nyumba za Igogo na Kirumba na ada za shule zilizolipwa kwa minofu. Yote mawili aliyashika pamoja bila kuyumba, na nadhani huo ndio utazamaji unaoistahili.

Kuna sehemu ya kusikiliza kwa makini. Muvi inauliza tena na tena kama ndege zile zilikuwa zinaleta silaha zikija. Ukifika pale rubani anaposimulia kwamba aliwahi kubeba vifaa vikubwa vya kivita, kisha akarudi na zabibu kwa ajili ya watoto wa Ulaya, angalia anataja wapi. Anaongelea Angola. Kijana anayetazama huku anachati atatoka akiamini kwamba ametazama vifaru vikishushwa Mwanza. Mzozo wake ulifika mbali, mpaka kesi ya kashfa mahakamani Ufaransa baada ya mwanahistoria François Garçon kuishambulia, na Sauper akashinda. Wewe itazame kwa subira, tenganisha kilichoonyeshwa na kilichodokezwa. Na yule dada anayewaimbia marubani wimbo wa Tanzania, naomba umwangalie kama ambavyo ungemwangalia dada yako. Hakuishi mpaka muvi ikamalizika kutengenezwa. Sitaki mtu amwone kama kipande cha ushahidi tu.

Watu wa visiwani wana hesabu yao tofauti. Wateja wangu wengine waume zao wako kambini, Ukerewe, Ukara na mbele zaidi, kwenye dagaa. Dagaa huvuliwa kwenye giza kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa kazi inapungua, watu wanakaa kambini usiku. Hapo ndipo naletewa flashi: "dada, jaza, anavuka kesho na kivuko." Kwa wavuvi napeleka vitu virefu vinavyoendelea, kwa sababu kundi la watu ishirini mbele ya TV moja linataka la kubishania kesho. Jumong haijawahi kuchoka: Wakorea waliimaliza 2007, episodi 81, mtoto wa mfalme anayeanza akiwa mwoga asiyejua hata kushika upanga na kuishia kuasisi dola. Muvi za saa moja na nusu usiwapelekee peke yake, zitaisha usiku mmoja. Na usiwajazie vita tu. Weka na kichekesho, weka na kitu chenye familia, maana hao ni watu waliokaa mbali na nyumbani kwao miezi.

Zipo ambazo siziweki kwenye flashi ya mtu. Filamu za Kitanzania zinazotoka sasa namwambia mtu azinunue au azitazame zinakoonyeshwa kihalali, hata kama ni kusubiri bando la mwisho wa mwezi. Tasnia yetu iliumizwa sana na kuchomewa CD, na huwezi kulalamika kwamba Bongo hawatengenezi vitu vizuri huku unakinakili kizuri kimoja kilichotoka. Kwenye king'amuzi, Jua Kali ya mwongozaji Lamata kwenye Maisha Magic Bongo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu anayetaka tamthilia ya hapa nyumbani. Mavazi yake peke yake yameniletea kazi, wateja wanakuja na picha kwenye simu wakisema nisuke kama huyu.

Na kama mtu humjui kabisa, amekaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza na hujui hata atokako, mpe Binti. Seko Shamte aliitoa 2021. Inaongea Kiswahili, kwa hiyo aliyeinama anaifuata. Ina wanawake wanne wa Dar es Salaam: mmoja anaandamwa na deni, mmoja anakaribia harusi na mchumba mwenye mkono mwepesi wa kupiga, mmoja anatafuta mtoto, mmoja analea mtoto mwenye mahitaji maalumu. Kipigo kipo, mtajie. Haina haraka wala haimhukumu mtu. Ikiisha, usimuulize kama ilikuwa nzuri, atakujibu nzuri kwa adabu tu. Muulize kati ya wale wanne alikuwa anamsubiri nani arudi kwenye kioo. Jibu lake ndilo ninalolitumia kumchagulia cha safari ijayo, na mara nyingi linakuja kabla hata sijafunga rasta ya mwisho.